Unalea wajukuu bila wazazi wao? Huzuni, mawazo mengi na msaada unaopatikana makazini Uganda

Kama wewe ni bibi au babu na wajukuu wako wanalala chini ya paa lako bila mama wala baba, makala hii ni yako. Ni ya jirani yako pia, na ya mwalimu wa watoto hao, na ya wenyeji wa vijiji vinavyozunguka Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, ambako nyumba za namna hii ni nyingi. Wengine wanakuita koko, wengine nyogokuru, wengine jjajja. Kazi ni ile ile.

Ukija kituo cha afya, mara nyingi unakuja na mtoto. Mtoto ana malaria, au anaharisha, au ameungua na uji. Muuguzi anamuuliza mtoto, anampima mtoto, anaandika karatasi ya mtoto. Wewe unashika mkono wa mtoto na kurudi nyumbani, na hakuna aliyekuuliza kama ulilala usiku. Hapa tunazungumza kuhusu wewe.

Misiba miwili katika nyumba moja

Mtu akimlea mjukuu kwa sababu mzazi wa mtoto ameuawa, amekufa kwa ugonjwa au amepotea njiani wakati wa kukimbia, nyumba hiyo ina wafiwa wa aina mbili. Mtoto amempoteza mama. Wewe umempoteza binti. Ni mtu yule yule mmoja, lakini maumivu si yale yale, na mara nyingi hayaongelewi pamoja.

Wazee wengi hulia usiku, watoto wakishalala, ili wasiwatie hofu. Watoto nao wanajifunza haraka. Mtoto wa miaka saba akiona kwamba kila akimtaja baba yake bibi ananyamaza na kutoka nje, ataacha kumtaja. Si kwamba amesahau. Anakulinda wewe, kama wewe unavyomlinda yeye, na nyumba inajaa ukimya ambao kila mmoja anadhani unamsaidia mwenzake.

Kisha kuna mambo ambayo watu huona aibu kuyasema. Unaweza kuwapenda wajukuu wako na wakati huo huo ukawa na hasira kwa nini umerudishwa kwenye kazi ya kubeba watoto mgongoni wakati nguvu zimekwisha. Unaweza kumkasirikia marehemu. Unaweza kumtazama mjukuu anayefanana sana na mama yake ukashindwa kuendelea kumtazama. Hakuna kati ya hayo linalokufanya kuwa mtu mbaya au mzee asiyefaa kulea. Ni mambo yanayowapata watu waliofiwa na ambao hawakupewa nafasi ya kukaa matanga.

Wengi wenu hamkupewa nafasi hiyo. Mlitoka Rutshuru, Masisi au Ituri kwa haraka, mkapita Bunagana au Ishasha, mkalala kwenye kituo cha mapokezi, mkapandishwa lori. Kaburi liko huko nyuma, kama lipo. Ikiwa una hakika kwamba mtoto wako amekufa, bado unaweza kufanya maombolezo hapa hapa: misa, ibada, dua, au jioni moja tu ya majirani kukaa nawe na kulitaja jina lake. Maombolezo hayana tarehe ya kumalizika. Familia nyingine hufanya baada ya mwaka mmoja, nyingine baada ya mitano. Wajukuu wawepo. Wasipelekwe kwa jirani siku hiyo.

Mwili unaposema badala ya mdomo

Katika lugha zetu nyingi hatuna neno moja la ugonjwa ambao madaktari huuita sonona. Tunasema "nina mawazo mengi", "roho inaniuma", "kichwa kinajaa". Na mara nyingi hatusemi hata hivyo. Tunasema mgongo unauma, presha imepanda, tumbo linawaka, miguu haina nguvu. Maumivu hayo ni ya kweli na yapimwe, kwa sababu presha na sukari ni magonjwa yanayowapata sana watu wa umri wako. Lakini ukiwa umepimwa mara tatu, umepewa dawa za maumivu mara tatu, na hakuna kinachobadilika, mwambie mhudumu neno moja zaidi: "Silali, na nina mawazo mengi." Sentensi hiyo hubadilisha maswali anayokuuliza.

Huzuni ni ya kawaida baada ya msiba. Inakuwa ugonjwa unaohitaji tiba pale ambapo, kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu ya kitu chochote ulichokipenda, huli, hulali au unalala mchana kutwa, unajiona huna thamani, na kazi za nyumbani zinakushinda. Kwa wazee kuna dalili nyingine ambazo familia huzipuuza kwa kusema "ni uzee tu": kusahau sahau ghafla, kuacha kuoga, kuacha kwenda kanisani au msikitini, kuwafokea watoto kwa jambo dogo wakati zamani hukuwa hivyo.

Mambo mawili tunaomba uyaepuke. La kwanza ni vidonge vya usingizi vinavyouzwa madukani bila cheti cha daktari. Kwa mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea, vidonge vile huleta kizunguzungu na kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika nani atateka maji? La pili ni pombe ya kienyeji. Inaleta usingizi wa saa mbili tatu, kisha inauondoa, na huzuni inarudi ikiwa nzito zaidi.

Wazee wengi husema, "Ningetamani Mungu anichukue." Mara nyingine ni namna ya kuongea ya mtu aliyechoka. Mara nyingine siyo. Ukimsikia mzazi au jirani yako akisema hivyo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, au ukiona anagawa vitu vyake, anaaga watu, anaweka akiba ya vidonge, asiachwe peke yake. Ondoa dawa za kunyunyizia mazao ndani ya nyumba na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Aliyepotea bila habari

Kuna bibi ambao hawajui kama ni wafiwa au la. Binti alibaki nyuma kutafuta mtoto mwingine, risasi zikaanza, na tangu hapo simu yake haipatikani. Ukilia, unaona kana kwamba unamzika akiwa hai. Ukisubiri, maisha yanasimama. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss aliipa hali hii jina katika miaka ya 1970, alipofanya kazi na familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Alichokiona ni kwamba watu hawa hawaugui kwa sababu ni dhaifu. Hali yenyewe haina jibu, na mtu yeyote angeyumba. Kwa maneno mepesi: unaruhusiwa kusema "huenda yuko hai, huenda hayupo" na kubeba yote mawili kwa pamoja. Usikubali jirani akulazimishe kuchagua, hata akiwa na nia njema.

Kuna jambo moja la kufanya. Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita. Ni bure. Utaulizwa majina kamili ya mtu, majina ya wazazi wake, kijiji, mahali na siku mlipoonana mara ya mwisho. Andika haya kwenye daftari sasa, kabla kumbukumbu hazijafifia, na waulize pia wajukuu wakubwa. Mara nyingi wanakumbuka rangi ya nguo na jina la barabara. Huduma hii haitoi ahadi. Majibu huchukua miezi au miaka, na mengine hayaji. Hata hivyo, kuna wazee wanaosema kwamba tangu waliposajili jina walianza kulala kidogo, kwa sababu sasa kuna mtu mwingine anayetafuta pamoja nao.

Mtoto akiuliza, "Mama yuko wapi?"

Jibu ambalo wengi hutoa ni "amesafiri" au "amelala". Tunaelewa kwa nini. Lakini mtoto aliyeambiwa mama amesafiri atakaa barabarani kila lori likipita, na siku moja atauliza kwa nini mama hamtaki. Aliyeambiwa mama amelala anaweza kuanza kuogopa kulala, au kukuamsha wewe usiku kuhakikisha kwamba bado unapumua.

Mwambie ukweli mfupi, kwa maneno ya umri wake. "Mama alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hawezi kurudi, na si kosa lako." Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko tunavyodhani, kwa sababu watoto wengi huamini kimya kimya kwamba walisababisha: kwa kulia wakati wa kujificha, kwa kukataa kutembea haraka. Mtoto wa chini ya miaka mitano bado hajui kwamba kifo hakina kurudi, basi atauliza tena kesho na kesho kutwa. Hakusumbui. Anajifunza. Kama mzazi amepotea na hujui, sema hivyo hivyo: "Sijui yuko wapi. Tunamtafuta. Mimi niko hapa."

Ukitokwa na machozi unaposema hayo, si vibaya. Mtoto akiona machozi yako na kisha akakuona unapika ugali jioni, anajifunza kwamba mtu anaweza kulia na kuendelea.

Tegemea mabadiliko ya tabia. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Anaweza kuwa mkali shuleni, au kukuganda asitake kutoka nje, au kucheza mchezo wa mazishi na wenzake, jambo ambalo huwashtua wazee sana. Usimchape kwa haya. Kiboko hakikaushi godoro. Mwambie mwalimu kilichotokea. Walimu wengi hawajui na wanamwona mtoto mtundu tu.

Vijana ni habari nyingine. Kijana wa miaka 14 anajua Kiingereza na Runyankole kuliko wewe, ana marafiki usiowajua, na akigombezwa anasema, "Wewe si mama yangu." Neno hilo linachoma. Mara nyingi anayesema hivyo anamlilia mama, hakukatai wewe. Jibu linaloweza kusaidia ni, "Kweli, mimi si mama yako. Mimi ni mama wa mama yako." Kisha nyamaza. Mengine yazungumzwe kesho.

"Nikifa, watabaki na nani?"

Kwa maoni yetu, hili ndilo swali linalowanyima wazee usingizi kuliko njaa. Njaa wanaizungumzia hadharani. Swali hili hawalisemi, kwa sababu kulitaja kifo chako mbele ya watoto waliokwisha kufiwa kunaonekana kama kuwaitia balaa. Lakini wajukuu wakubwa nao wanalifikiria. Wanakusikiliza unavyokohoa.

Hofu hii haitibiki kwa ushauri nasaha peke yake, kwa kuwa ni hofu yenye sababu. Hupungua pale mpango unapokuwepo. Kwa hiyo tunakushauri ufanye mambo yafuatayo ungali na nguvu, si siku ya kulazwa.

Chagua mtu. Anaweza kuwa shangazi, kaka mkubwa wa watoto aliyetimiza miaka 18, au jirani wa kijiji kimoja nanyi anayewapenda watoto. Zungumza naye peke yenu, akubali kwa hiari yake, kisha zungumzeni na watoto mbele yake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuulizwa maoni yake, na ana haki ya kuulizwa. Kama watoto ni wengi na hakuna awezaye kuwachukua wote, sema wazi nani asitenganishwe na nani.

Kisha mpeleke jina la mtu huyo kwa mfanyakazi wa ulinzi wa watoto katika eneo lako. Mtoto anayeishi na ndugu asiye mzazi wake huhesabiwa kuwa mtoto aliyetenganishwa na wazazi, na mfanyakazi huyo anaweza kufanya tathmini ya maslahi bora ya mtoto. Ni mazungumzo: atakuja nyumbani, ataongea na wewe, ataongea na mtoto. Haji kumchukua mtoto. Tunalisema hili kwa sababu uvumi kwamba "wakijua umezeeka watawabeba watoto" umewafanya wazee kuwaficha wafanyakazi hao hali yao. Kumwacha mtoto na ndugu anayempenda ndilo jambo la kwanza linaloangaliwa.

Hakikisha pia wajukuu wamo kwenye karatasi yako ya usajili wa familia, na wameandikwa kama wajukuu. Wapo waliowaandikisha kama watoto wao wa kuzaa wakidhani mambo yataenda haraka. Ukweli ni kwamba hilo huleta tatizo baadaye: mzazi akitokea na kuwatafuta, jina lake halionekani popote, na kwenye mahojiano ya aina yoyote majibu ya watoto hayatalingana na karatasi. Kama ndivyo ilivyo kwako, nenda kwenye dawati la Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) au la UNHCR ueleze. Ni afadhali useme mwenyewe mapema.

Jambo lingine dogo. Waambie watoto habari za ukoo: majina ya mababu, kijiji, mto, jina la shamba. Wazee waliojaribu kufanya hivyo jioni, wakati wa kungoja maharage yaive, husema huwasaidia wao wenyewe kuliko watoto.

Babu naye

Makala nyingi, hii ikiwemo, huzungumza na bibi zaidi. Babu anayelea wajukuu ana shida yake: kupika, kumwogesha mtoto wa kike, kukaa kwenye foleni ya kliniki kati ya kina mama, yote ni kazi ambazo hakufundishwa na ambazo wenzake wanamchekea. Wengi hunyamaza na wengine hukimbilia kwenye pombe. Kama una jirani wa namna hii, usimwulize "una huzuni?" Mwombe msaada wa kitu anachokijua, kama kurekebisha mpini wa jembe. Atakaa. Ataongea.

Kwa wenyeji

Wenyeji wa kusini mwa Isingiro na wa Rakai wanaijua hali hii tangu zamani. UKIMWI ulitambuliwa kwanza nchini Uganda mwaka 1982 huko Kasensero, kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Rakai ya wakati huo. Watu waliuita siliimu. Katika miaka iliyofuata, vijiji vizima vilibaki na bibi na watoto. Wapo kina mama wa sasa katika vijiji hivyo waliolelewa na jjajja aliyezika watoto wanne au watano. Hawa wanajua mengi kuliko mafunzo yetu ya siku mbili, na tungependa vikundi vya makazini viwaalike.

Mzee mwenyeji ana msaada mmoja ambao mkimbizi hana. Serikali ya Uganda ilipopanua ruzuku ya wazee nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/2021, iliwalenga wenye miaka 80 na zaidi, shilingi 25,000 kwa mwezi. Umri husomwa kwenye kitambulisho cha taifa, na tarehe za kuzaliwa za wazee wengi ziliandikwa kimakosa. Kama yako si sahihi, anza na mwenyekiti wa LC 1.

Kwa mkimbizi, hali ya chakula imekuwa ngumu. Tangu 2023 WFP inagawa familia katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025, fedha zilipopungua, watu wapatao milioni 1 waliondolewa kwenye msaada huo. Kumbuka pia kwamba mtu huhesabiwa kuwa mzee kuanzia miaka 60. Bibi wa miaka 48 mwenye wajukuu watano hamo katika orodha ya wazee. Asisubiri kuonekana, aeleze kwamba analea watoto waliotenganishwa na wazazi. Hatuwezi kukuahidi jibu, ila usiposema hutahesabiwa.

Uanzie wapi

Mtu wa karibu zaidi ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT, au mwenyekiti wako wa RWC. Watakuelekeza kituo cha afya au shirika linalotoa ushauri nasaha katika eneo lako. Namba ya bure ya UNHCR Uganda ni 0800 323 232. Ukipiga, omba kuongea Kiswahili. Kwa jambo lolote la mtoto kupigwa, kunyanyaswa au kutelekezwa, piga Sauti 116, nayo ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Ulizia vikundi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitengeneza mafunzo ya kupunguza msongo yanayofanywa kwa vikao vitano katika kikundi, kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa, bila kulazimika kusimulia yaliyokupata. Yalijaribiwa na wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini katika Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wasiohudhuria. Pale ambapo hayapo, likelemba, kwaya au kikundi cha kusuka vikapu hufanya sehemu ya kazi hiyo. Tunalisema bila mzaha. Mzee anayetoka nyumbani mara moja kwa wiki kukaa na watu wa rika lake yuko mahali pazuri zaidi kuliko anayebaki ndani.

Ukienda kwenye ushauri nasaha, usimtumie mjukuu kama mkalimani. Utamficha mambo ili asiumie, naye atakificha kile atakachosikia. Omba mkalimani mtu mzima, na kama ni mtu wa mtaa wako usiyetaka ajue habari zako, una haki ya kumkataa na kuomba mwingine. Sema hivyo mapema, siku ya kupanga miadi, maana wakalimani wa Kifuliiru, Kibembe na Kihema hawapatikani kila siku.